Mbwa akilia, ndovu wakikimbia: Je, wanyama hujua janga likija?

Kama una simu na bando, ile video ya ndovu wa San Diego lazima ilikupitia. Ni asubuhi ya Aprili 14, 2025, katika hifadhi moja ya wanyama jimboni California, Marekani. Ndovu watano wanaota jua, hawana habari. Mara picha inaanza kutikisika. Wakubwa watatu wanageuka, wanakimbia huku na kule kwa sekunde chache, kisha wanawazingira wadogo wawili na kusimama wakiangalia nje, masikio yametanda. Hapo hapiti mtu. Lilikuwa tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.2, kitovu chake karibu na mji mdogo wa Julian.

Ukitumiwa video hiyo leo kwenye grupu ya WhatsApp, kuna uwezekano mkubwa inakuja na maneno kama haya: wanyama hujua mapema, binadamu ndio vipofu. Halafu chini yake mtu anakumbuka mbwa wa jirani aliyelia usiku kucha kabla ya mafuriko. Mwingine anakumbuka bundi juu ya mabati. Mwingine anasema shosho yake alikuwa akiangalia siafu tu, anakwambia mvua itanyesha lini.

Sasa hebu irudie hiyo video polepole. Ndovu wanaanza kukimbia wakati kamera yenyewe inatikisika. Hawakutabiri chochote. Walihisi tetemeko likiwa limeshaanza, na ndani ya sekunde wakafanya jambo la maana. Hii ndiyo tofauti ambayo mjadala huu huwa unairuka. Kuhisi ni jambo moja. Kutabiri ni jingine. Na kuokoka ni jingine kabisa.

Na usidhani haya ni mambo ya California pekee. Bonde la Ufa halikuitwa ufa kwa mapambo: Januari 6, 1928, Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyopimwa nchini Kenya. Lakini janga ambalo wewe na mimi tunalijua vizuri zaidi ni maji. Kwa hivyo tuanze na tetemeko, tupitie dhoruba na ukame, halafu turudi kwetu, Mathare na Mukuru, kwa sababu huko ndiko swali hili linapouma.

Sekunde chache za mbwa

Mwamba unapovunjika chini ya ardhi, mtikisiko husafiri kwa mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza yana mbio lakini hayana nguvu sana. Wengi wetu hatuyahisi, au tunadhani ni lori limepita. Ya pili yanakuja nyuma polepole kidogo, na hayo ndiyo yanayoangusha kuta. Ni kama radi: mwanga unauona kwanza, mlio unaufuata. Ukiwa kilomita 100 hivi kutoka kitovu, pengo kati ya mawimbi hayo mawili ni kama sekunde 12.

Mbwa, paka, kuku na ndovu huyanasa yale ya kwanza. Ndovu hasa, kwa sababu mwili wake umeumbwa kusikiliza ardhi. Katikati ya miaka ya 1980, mtafiti Katy Payne aliligundua hilo kwanza kwa ndovu wa hifadhini Marekani, kisha akafanya kazi na Joyce Poole hapa kwetu Amboseli: ndovu huongea kwa sauti nzito mno ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzinasa, na sauti hizo hufika mbali. Mwaka wa 2018, utafiti uliofanywa Samburu ulionyesha kwamba hata hatua za ndovu na ngurumo zake husafiri ndani ya udongo kama mitetemo inayoweza kupimwa. Mnyama kama huyo akikimbia sekunde kumi kabla wewe hujahisi kitu, si uchawi. Ana vifaa bora kuliko vyako.

Na vifaa hivyo binadamu ameshavitengeneza pia. Mexico ina mfumo wa tahadhari tangu 1991, na Japani iliufungulia umma mfumo wake 2007. Vitambuzi vilivyofukiwa ardhini vinanasa wimbi la kwanza, ujumbe unakimbia kwa kasi ya umeme, na treni zinafunga breki kabla wimbi la pili halijafika. Google nayo ilianza 2020 kutumia simu za Android kwa kazi hiyo hiyo. Kile kitambuzi kinachojua kwamba umegeuza simu ulale ukitazama filamu, kinaweza pia kujua ardhi imetikisika. Simu nyingi zikihisi pamoja mahali pamoja, mfumo unajua hilo si lori.

Kwa hivyo kama swali ni sekunde, jibu ni ndiyo. Wanyama huhisi kabla yetu, sayansi inajua kwa nini, na hakuna anayebisha.

Siku tano za chura

Tatizo linaanza pale mtu anaposema si sekunde, ni siku.

Hadithi hizi ni za zamani sana. Mji wa Helike, Ugiriki, ulizama baada ya tetemeko mwaka wa 373 kabla ya Kristo. Mwandishi Aelian anasimulia kwamba siku tano kabla ya hapo, panya, nyoka na wadudu waliuhama mji mzima, watu wakabaki wakishangaa. Tamu kweli. Ila Aelian aliandika zaidi ya miaka 500 baada ya tukio. Hiyo ni kama mimi nikuandikie leo yaliyotokea siku ambayo Vasco da Gama alitia nanga Malindi, tena nikutajie panya walikuwa wanaelekea wapi.

Kisha kuna Haicheng, Uchina, Februari 4, 1975. Katikati ya baridi kali watu waliona nyoka wametoka mashimoni na kufa kwenye theluji. Wakuu waliwatoa watu majumbani, na tetemeko la ukubwa wa 7.3 likapiga jioni hiyo. Maelfu waliokoka. Ukisikia mtu akisema wanyama walishatabiri tetemeko, mara nyingi anazungumzia Haicheng. Kile ambacho haambiwi mtu ni kwamba mji ulikuwa umetikiswa na mitetemeko midogo mingi siku hiyo na iliyotangulia. Ardhi yenyewe ilikuwa inabisha hodi.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Julai 28, 1976, tetemeko lilipiga Tangshan, nchi hiyo hiyo, usiku watu wakiwa wamelala. Safari hii hakukuwa na mitetemeko ya awali ya kuwaamsha, wala onyo. Hesabu rasmi ni zaidi ya watu 242,000 waliofariki. Kama nyoka wangekuwa na mkataba na binadamu, Tangshan ndipo walipouvunja.

Kuna ushahidi mzuri kuliko huo? Upo, na ni wa haki kuutaja. Mwaka wa 2009 mtafiti Rachel Grant alikuwa Italia akihesabu vyura katika ziwa moja, shughuli zake tu za vyura, hana habari na matetemeko. Msimu wa kuzaana ulikuwa umeiva. Ghafla asilimia 96 ya madume wakaacha ziwa. Siku tano baadaye, Aprili 6, tetemeko likapiga L'Aquila, kilomita 74 kutoka hapo, na kuua zaidi ya watu 300. Chura dume kuondoka kwenye sherehe ya aina hiyo si jambo dogo.

Halafu 2016 na 2017, timu ya Martin Wikelski kutoka Ujerumani iliwafunga vitambuzi ng'ombe sita, kondoo watano na mbwa wawili katika shamba moja katikati mwa Italia, eneo lililokuwa likitikisika kila mara. Waliripoti kwamba wanyama hao walianza kuhangaika hadi saa 20 kabla ya mitetemeko mikubwa ya karibu. Sasa shika hili, tutalihitaji baadaye: dalili hiyo ilionekana wanyama wakiwa zizini. Walipokuwa malishoni, haikuonekana.

Ni kazi ya kuvutia. Lakini shamba moja na wanyama 13 si dunia. Mwaka wa 2018 Heiko Woith na wenzake, pia Ujerumani, walikusanya ripoti 729 za wanyama wenye tabia zisizo za kawaida, zikihusu matetemeko 160. Zaidi ya nusu ya ripoti hizo zilitoka kwa matetemeko matatu tu. Nyingi zilikuwa simulizi zilizokusanywa baada ya tukio. Na wanyama wengi walionekana kuhangaika wakati ule ule ambapo mitetemeko ya awali huwa inatokea. Yaani huenda walikuwa wanajibu tetemeko dogo ambalo binadamu hakulisikia, si kutabiri kubwa linalokuja.

Na hapo kuna mtego wa akili zetu wenyewe. Mbwa wa mtaani kwenu analia usiku mara ngapi kwa mwezi? Kila usiku, kama ni kwetu. Usiku usiofuatwa na kitu, unageuka ukuta na kulala, kesho umesahau. Usiku mmoja kuna mkosi, na ule mlio unapanda cheo kuwa onyo. Bundi naye amebebeshwa lawama hiyo tangu zamani. Analia kila usiku kwa sababu ni bundi, lakini sisi tunamkumbuka usiku wa msiba tu. Ili ujue mbwa anatabiri, lazima uhesabu pia mara zote alizolia na hakuna kilichotokea. Hakuna mtu anayeposti hiyo.

Hewani mambo ni tofauti

Usikate tamaa na wanyama bado. Tukiacha tetemeko tuingie hali ya hewa, ushahidi unakuwa mzito zaidi, na sababu yake ni rahisi. Tetemeko huja bila kupiga simu. Dhoruba inapiga: shinikizo la hewa linashuka, upepo unabadilika, na ngurumo nzito zinasafiri mamia ya kilomita kabla wingu halijaonekana.

Aprili 2014, ndege wadogo wenye uzito usiofika gramu 10 walikuwa ndio wamefika Tennessee, Marekani, kutoka safari ndefu ya Amerika Kusini. Watafiti walikuwa wamewafunga vifaa vidogo vya kurekodi safari zao. Vimbunga vikali vikiwa bado mamia ya kilomita mbali, ndege hao walifungasha. Waliruka kuelekea kusini, dhoruba ikapita, wakarudi. Safari nzima ilikuwa kama kilomita 1,500.

Mwaka wa 2001 watoto wa papa waliokuwa wamefungwa vitambuzi katika ghuba moja Florida waliondoka kuelekea maji ya kina kabla dhoruba iliyoitwa Gabrielle haijatua. Shinikizo la hewa liliposhuka, nao wakaenda. Dhoruba ilipopita, walirudi.

Na ndovu wetu hawa wa Afrika: utafiti wa Namibia uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba ndovu hubadilisha mwelekeo wao ghafla siku kadhaa kabla mvua haijawafikia, mvua ikiwa bado inanyesha hata kilomita 240 kutoka walipo. Pima umbali huo kwenye ramani: ni zaidi ya safari ya Nairobi hadi Mtito Andei.

Ukiweka haya pamoja, jibu la kisayansi la leo ni hili. Mnyama hasomi kesho. Anasoma leo kwa makini kuliko wewe. Janga likituma chochote mbele yake, sauti, mtikisiko, hewa kupungua, yuko mnyama wa kukinasa. Lisipotuma kitu, mnyama analala kama sisi.

Lakini kuhisi si kuokoka

Hapa ndipo nataka uniazime masikio.

Desemba 26, 2004, tsunami ya Bahari Hindi iliua takriban watu 230,000. Siku chache baadaye habari zilienea duniani kwamba katika mbuga ya Yala, Sri Lanka, watu walikufa lakini wanyama wote walikuwa wamekimbilia juu. Imerudiwa mpaka imekuwa kama aya. Lakini mbugani humo kulikuwa na ndovu wawili waliovaa kola za setilaiti. Watafiti walipofungua data, hawakuona ndovu hao wakitoroka kabla ya wimbi. Walikuwa kwenye shughuli zao za kawaida.

Na kama unataka shahidi wa Kenya, yupo. Kiboko mdogo aliyeitwa Owen. Mafuriko ya mto Sabaki yalikuwa yamesukuma viboko hadi baharini karibu na Malindi, kisha wimbi la tsunami likamwacha huyu peke yake kwenye mwamba wa matumbawe, bila mama. Watu wa Malindi walimtoa kwa nyavu na kamba, akapelekwa Haller Park, Mombasa, ambako alimganda kobe mzee aliyeitwa Mzee mpaka dunia nzima ikawajua. Tunaikumbuka kama hadithi ya urafiki. Iangalie tena kutoka mwanzo. Kiboko, mnyama anayeishi majini tangu kuzaliwa, alishindwa na mafuriko ya mto wake mwenyewe.

Twende mbele hadi 2022. Ule ukame ulipokaza, serikali ilitoa hesabu: kati ya Februari na Oktoba, Kenya ilipoteza ndovu 205, nyumbu 512 na punda milia wa kawaida 381. Ndovu 205. Ni mnyama huyu huyu ambaye jamaa zake wa Namibia wanajua mvua iko kilomita 240. Masikio yake hayakuharibika mwaka huo. Mvua ndiyo haikuwepo ya kusikika, na hata pale malisho yalipokuwepo, kati ya ndovu na malisho siku hizi kuna ua, shamba, ploti na barabara. Akijua, na asiwe na pa kwenda, kujua kwake kunamsaidia nini?

Sasa kumbuka wale ng'ombe wa Italia waliohangaika zizini. Tuseme utafiti ule ni sahihi kabisa. Walihisi. Lango lilikuwa limefungwa.

Sisi pia tuliambiwa

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 2024 mvua ndefu ziliua zaidi ya watu 250 Kenya. Je, tulikosa dalili? Tulihitaji mbwa alie?

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imesema mapema kwamba sehemu nyingi za nchi zingepata mvua ya kawaida au ya kupita kawaida kati ya Machi na Mei. Baadaye ikaendelea kutoa tahadhari za mvua kubwa. Miezi michache kabla, mwishoni mwa 2023, tulikuwa tumepitia mafuriko ya El Niño yaliyoua zaidi ya watu 100, baada ya Rais William Ruto kuwatuliza wananchi mwezi Oktoba kwamba El Niño iliyotabiriwa haingekuja. Wahenga walishasema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tulikuwa na mawingu, ramani, setilaiti na taarifa kwa vyombo vya habari.

Aprili 29, usiku wa manane, maji yalishuka Mai Mahiu na kuua zaidi ya watu 45. Wizara ya maji ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli, eneo la Old Kijabe, ilikuwa imezibwa na takataka na magogo, maji yakajaa nyuma yake, kisha tuta likaachia. Hakuna ndovu anayeweza kutabiri njia ya maji iliyoziba. Lakini mtu mwenye koleo na kazi ya kuikagua angeweza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipozibua mtaro utachimba makaburi.

Siku tatu baadaye serikali iliamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa 178 wahame ndani ya saa 24. Nairobi, waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni walibomolewa Mathare na Mukuru. Wakaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia.

Wacha nikuulize wewe unayesoma hii ukiwa kwa single rumu yako. Chukua shilingi 10,000. Toa kodi ya mwezi wa kwanza. Toa dipoziti, kwa sababu landilodi hajali mvua. Toa mkokoteni au pikapu ya kubeba godoro, meko na sufuria. Toa nauli ya watoto kufika shule ile ya zamani, maana ya mpya haijapatikana. Kumbuka pia kibanda chako cha chipsi kiko pale pale mtoni, na wateja wako hawajahama na wewe. Kuna kitu kimebaki?

Hii ndiyo sababu huwa naona hasira kidogo nikisikia mtu wa tivii akisema watu wa mtoni ni wabishi, wanaambiwa wahame hawasikii. Wanasikia sana. Mtu anayeishi kando ya mto Mathare anajua mlio wa mto huo kuliko kifaa chochote. Anajua maji yakianza kunuka udongo na kubeba matawi, Kiambu kumenyesha. Anajua usiku gani wa kulala na viatu. Yeye ni kama yule ng'ombe wa zizini: amehisi, anahangaika, na lango limefungwa. Lango lenyewe ni kodi.

Ndege wa Tennessee aliruka kilomita 1,500 kwa sababu hana dipoziti, hana stoki, hana mtihani wa mtoto Jumatatu. Tunapomsifu mnyama kwa akili zake, tunasahau kwamba kilichomwokoa si kuhisi peke yake. Ni mabawa na anga iliyo wazi.

Watu waliokimbia bila kungoja mtu

Kuna mahali ambapo binadamu walifanya kama ndege. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kiko karibu kabisa na kitovu cha lile tetemeko la Desemba 2004. Wimbi liliwafikia ndani ya dakika chache, kabla ya onyo lolote la kitaalamu. Kati ya watu wapatao 78,000, saba tu ndio waliofariki.

Hawakuokolewa na nyati wala kuku. Waliokolewa na neno moja: smong. Mwaka wa 1907 tsunami iliwaua babu zao wengi, na waliobaki walilifanya neno hilo kuwa wimbo wa kubembelezea watoto na hadithi ya jioni. Ujumbe wake ni mfupi. Ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, usingoje mtu, kimbia mlimani. Karibu miaka 100 baadaye ardhi ilitikisika, bahari ikarudi nyuma, mtu akapiga kelele "smong", na kisiwa kizima kikapanda mlima.

Angalia walikuwa na nini. Dalili ambayo hata mtoto anaijua. Ruhusa ya kuondoka bila kungoja chifu. Na mlima wenyewe, karibu, usio na geti wala mlinzi wa kukuuliza unaenda kwa nani. Ukiondoa chochote kati ya hivyo vitatu, hesabu inaharibika.

Hapa Kenya cha kwanza tunacho. Kule Bunyore, kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umekuwa ukisoma mvua kwa vizazi kupitia nyuki, mchwa, ndege na maua ya miti. Badala ya kuwacheka, wanasayansi wa hali ya hewa walikaa nao chini, wakalinganisha dalili zao na za setilaiti, na wakatoa utabiri wa msimu kwa pamoja kwa lugha ambayo mkulima anaielewa. Kwa hivyo yule aliyemtaja shosho wake na siafu hakusema upuzi. Wazee hao hawakudai mchwa ni nabii. Walisema mchwa ni kipimo, na kipimo kizuri ni kile unachokilinganisha na vingine.

Kwa hivyo endelea kumsikiliza mbwa wako, hakuna hasara. Fuata pia ukurasa wa Idara ya Utabiri, ni bure. Lakini mvua ndefu zinazofuata zikikaribia, usiulize tu kama wanyama wameonekana kuhangaika. Diwani wako akija kuomba kura, landilodi akija kuchukua kodi, chifu akiitisha baraza, waulize swali la watu wa Simeulue: maji yakija saa nane usiku, mlima wetu uko wapi? Ni shule gani itafunguliwa? Nani ana ufunguo? Mtaro wa juu umezibuliwa lini? Waliobomolewa wamepewa wapi pa kuishi?

Wakikosa jibu, basi tumeshapata utabiri wetu, na hatukuhitaji ndovu.